Laini ya Kasindi

Ujumbe wa madamu wetu wa Ubelgiji ulinikuta saa mbili asubuhi, chai bado iko moto: "Ijumaa Elise alifanya kazi akiwa Kongo. Saa tano zenu tuongee kwa video, naye awepo."

Wallahi niliruka! Ofisini kwetu Kasese tuko watu kumi na wawili, tunajibu kwa Kifaransa wateja wa duka la viatu la Ubelgiji. Mkataba una sharti moja lisilo na mchezo: majina na anwani za wateja zisifunguliwe nje ya Uganda. Anayevunja anafukuzwa. Wasipomjua, wanafukuza wote. Msimamizi ni mimi, Nasifah, na hasira zangu zinajulikana mpaka Munkunyu.

Elise, mmoja wetu, alikimbia vita vya Beni kule Kongo. Mimi ndiye niliyemwombea afanyie kazi nyumbani kwake Bwera, mpakani, kwa sababu ya mtoto mchanga. Halafu anavuka mpaka na kompyuta yetu! Nikamwambia Hakim wa bodaboda akaze mwendo, na njia nzima nilimtukana Elise moyoni.

Nilimkuta chumbani kwake karibu na mto Lubiriha, mtoto mgongoni. Dirishani mnara wa simu wa Kasindi, upande wa Kongo, ulionekana wazi.

"Wewe! Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, yaya." Kwao dada mkubwa ni yaya.

"Njia ya mwongo ni fupi, Elise!"

"Miye sikuvuka, yaya. Network ya Uganda ilikufa, nikakupigia. Weye ukasema..."

Hakuhitaji kumaliza, nilishakumbuka. Wateja hamsini walikuwa wanasubiri, nami nikamfokea kwenye simu: "Weka laini yoyote, kazi iende!" Nani Bwera hana laini mbili, ya kwetu na ya Kongo? Akaweka ya Kongo, na kule Ubelgiji ikaonekana amevuka mpaka. Banange! Hasira hasara, na hasara yenyewe ndiyo hii.

"Nitasema ni miye," Elise akasema. "Weye uko na batoto bane, beko ku masomo."

"Na huyo mgongoni ni wa jirani?"

Akafungua kompyuta mezani.

Saa tano madamu wa Ubelgiji akatokea kwenye kompyuta, hata salamu hakuna. Nikamweleza habari ya laini.

"Nani aliruhusu?"

Elise akafungua mdomo. Nikamfinya goti chini ya meza. Niliogopa, nisidanganye. Niliwaona wanangu wanne na sare zao za shule.

"Mimi," nikasema.

Madamu akaandika kitu, polepole. Kisha akasema mkataba unabaki, lakini mimi nimemaliza leo. Msimamizi kuanzia sasa ni Elise, kwa kuwa hakuna anayeijua kazi kumshinda. Na kazi yake ya kwanza ni kufunga akaunti yangu ya kazi, sasa hivi, madamu akiona.

Jina langu likatokea kwenye kompyuta, na chini yake kitufe chekundu. Elise alikuwa analia waziwazi.

"Yaya, siwezi."

Madamu alikuwa anatazama saa yake. Kule Kasese wenzetu kumi walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta zao, hawajui kama wana kazi.

Nikamfungua mtoto mgongoni, nikampakata.

"Bonyeza, Elise," nikamwambia. "Kazi iende."