Gari la Kinoti Hungoja Amina

Mimi ni fundi wa magari hapa Kibirichia, na watu wanaoniletea mizimu badala ya dalili hunikera sana. Kwa hivyo Lenah, mjane wa Kinoti muuza viazi, aliponiambia gari la marehemu huomba kwanza ndipo liende, nilimwambia aniachie ufunguo akapumzike hotelini. Hakwenda. Alisimama palepale kwenye ukungu, mikono ndani ya sweta.

Mazoea ya Kinoti tuliyajua sote. Aliwasha pikapu yake kuukuu ya otomatiki, akatia gia, akakanyaga breki, kisha akafumba macho na kusema Baba Yetu kwa Kimeru, polepole, mpaka Amina. Ndipo aliachia breki. Siku aliyokufa alikuwa amegombana na mkewe, akaingia garini kwa hasira bila kuomba. Akatia gia, gari likakataa. Akashuka kwenda kufungua boneti bila kuitoa gia, na gari likaja likambana kwenye ukuta wa ghala la viazi.

"Fundi, ile siku nilimwambia aende na asirudi," Lenah alisema. "Nataka kujua kama Mungu alinisikia."

Hilo si swali la fundi. Niliinamia kazi yangu.

Niliacha injini ipate moto, nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Oili inayopaswa kuwa nyekundu ilikuwa nyeusi, imepungua, inanuka kuungua. Nikakanyaga breki, nikatia gia. Kimya. Gari lilitetemeka kidogo tu, kama mtu anayenong'ona, halafu likashtuka na kushika. Nilirudia. Bila kupenda nikajikuta nasema Baba Yetu moyoni, na kila mara gia ilishika kwenye Amina. Nywele zilinisimama, na hilo likanikasirisha zaidi.

Nilifungua giaboksi. Filta ilikuwa imeziba na sili za mpira zimekauka, kwa hivyo presha ya oili ilichelewa kujaa. Huo ulikuwa ugonjwa wa miaka mingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini Kinoti angeuonaje ufa huo? Kila alipofumbua macho, gia ilikuwa imeshashika. Sala yake ndiyo iliyouficha ugonjwa. Siku moja tu hakuomba, na siku hiyo alidhani gari limekufa.

Nilimweleza Lenah hayo yote. Nikamwambia kilichomuua mumewe ni oili na sili, si maneno yake. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu tu, na nikamhurumia kwa sababu niliona hakuniamini.

Nilibadilisha sili, filta na oili. Nilipojaribu, gia ilishika hata kabla sijaondoa mkono. Nikalizungusha gari soko zima, nikilisimamisha na kuliondoa, na halikuchelewa hata mara moja. Lilikuwa limepona.

Lenah alikuja kulichukua mchana, ukungu ukiwa bado haujainuka. Uwanja wangu unateremka kuelekea barabarani, na lango lilikuwa wazi. Aliketi, akawasha, akatia gia. Nikasogea dirishani kumwambia hana haja ya kungoja tena.

Alikuwa amefumba macho na midomo yake haikucheza. Nikatazama chini. Miguu yake yote miwili ilikuwa imekunjwa chini ya kiti, mbali na breki. Hendibreki ilikuwa imeshushwa. Injini ilikuwa inanguruma, gia imeshika, pua ya gari inaangalia mteremko, na magurudumu hayakusogea hata kidogo.

Tulingoja. Nilijua tulikuwa tunangoja nini, maana moyo wangu ulikuwa umeshaanza maneno yale wenyewe.

Kwenye Amina, gari likaanza kuteremka taratibu. Lenah alifumbua macho, akashika usukani.

"Kinoti hakwenda na hasira," aliniambia, akalipeleka gari barabarani.

Nilirudi ndani kumwaga ile oili nyeusi.