Machaguo Matano ya Profesa

Baba mdogo wa binti mmoja, mtu waliyemwita Profesa, alikaa chuoni mwaka mmoja akarudi na tai shingoni. Shahada hakurudi nayo, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ilipotelea wapi. Tangu hapo kila mtoto wa ukoo akimaliza sekondari, maombi yake ya chuo hupitia kwa Profesa, na mtoto mwenyewe huulizwa mambo mawili tu: jina lake na tarehe ya kuzaliwa.

Binti alitaka kusomea maabara. Alinaswa na hadubini kidato cha pili, siku alipoona tone la maji ya mtaroni limejaa vidudu vinavyohangaika kuliko wajomba kwenye kikao cha harusi. Biolojia na kemia alipasua. Historia hata hakuifanya. Profesa, kwa ukarimu wake, akamjazia nafasi zote tano za kuchagua kozi: sheria, sheria, sheria, sheria, na ya tano, asije akaonekana hana mawazo mapana, sheria ya masomo ya jioni.

"Lakini sheria wanataka historia, baba mdogo."

"Wataona nia yako."

"Inayochuja ni kompyuta. Kompyuta inaona nia?"

"Umeona unavyobishana? Wakili huyo."

Mama akamkanya binti asimjibu mkubwa. Haya, shikamoo atampa asubuhi na jioni. Lakini kukosa chuo mwaka mzima kwa adabu nzuri, hapana. Watoto wanne waliopitia kwa Profesa walikuwa bado nyumbani, wakisubiri kitu alichokiita awamu ya pili.

Tatizo lilikuwa moja. Akaunti ya maombi Profesa aliifungua kwa namba ya simu yake, kama kawaida yake, ili chuo kikitaka kupongeza kimpongeze yeye. Kubadili chochote kulitaka tarakimu sita zinazotumwa kwenye simu hiyo, na siku ya mwisho mfumo ulikuwa unafungwa saa kumi jioni.

Siku hiyo, saa tisa na nusu, binti alimkuta kwa kinyozi, kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, akiwaeleza waliosubiri zamu jinsi vyuo vinavyofikiri. Binti akaamkia, akaketi kwenye benchi, akafungua maombi kwenye simu yake, akafuta sheria zote tano. Maabara akaiweka ya kwanza. Akabonyeza kuthibitisha.

Simu ya Profesa ikalia.

"Baba mdogo, zimeingia namba za kuthibitisha maombi yangu. Nisomee."

Profesa aliinyoosha simu mbele, akaisogeza mbali zaidi, mkono ukaisha. Miwani alikuwa nayo nyumbani, ila kuivaa hadharani aliona ni uzee.

"Hawa nao wanaandika kama wanakimbizwa," akasema. "Kinyozi, hebu msomee mtoto, mimi kichwa kiko kazini."

Kinyozi akazima mashine, akasoma tarakimu moja moja kwa sauti ya mtu anayetangaza mshindi. Binti akaziingiza. Dakika haikuisha, simu ikalia tena, na kinyozi, kwa kuwa alishaonja kazi, akaendelea bila kuombwa:

"Machaguo yako yamebadilishwa. Chaguo la kwanza, teknolojia ya maabara."

Mashine haikuwashwa tena upesi.

"Nani kabadilisha?" Profesa akauliza.

"Mimi, baba mdogo."

"Bila kunishauri?"

"Nilikushauri wiki mbili. Hukushaurika."

Mzee mmoja kwenye benchi akakohoa kicheko akidai ni nywele zimemwingia kooni. Profesa akatazama saa ukutani, akatazama wasikilizaji wake, akapima upepo.

"Maabara," akawaambia, "ndiko dunia inakoelekea. Nimemwambia miaka."

"Basi na wale wanne nao uwaambie," binti akasema akiinuka. "Wananisubiri nyumbani, mwakani nitawajazia mimi. Wataweka namba zao za simu."

Kinyozi akamrudishia Profesa simu, akamwinamisha kichwa, akaendelea na nusu iliyobaki.