Sinia Isiyo na Ukingo

Waziri alipofika kutoka Bujumbura hakuingia ndani kwanza. Alisimama barazani kwa shemeji yake, akafungua mfuko, akatoa kitu bapa cha rangi ya majivu, akakiinua kwa vidole viwili kama anayeshika ndagala kwa mkia.

"Shemeji Wema, tazama. Vidole viwili tu!"

Wema alikuwa anachambua mchele. Aliinua macho. "Ni nini hicho?"

"Ordinateri! Mupya kabisa. Sisi ndugu tumechanga. Ile ya marehemu, haki ya Mungu, ni tofali."

Hapo Waziri hakusema uongo. Abasi, kaka yake, alikuwa mpiga video wa harusi za kando ya ziwa lote hili, kuanzia Gitaza hadi huku Rumonge, na kila harusi aliihifadhi katika kompyuta yake nyeusi, nene, ambayo bawaba moja ilivunjika akaifunga kwa uzi wa nyavu. Betri ilikwisha kufa zamani. Umeme ukikatika nayo ilizimika papo hapo, na umeme wa Rumonge haupigi hodi ukiondoka. Tena ilikuwa na feni. Feni hiyo ikianza kuzunguka, majirani waliulizana ni boti ya nani inayoondoka.

Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia tangu Abasi azikwe. Wema hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu. Alichofanya, jioni akishamaliza vyombo, ni kuwasha lile tofali na kuangalia harusi za watu. Katika harusi zote hizo mumewe hakuonekana hata mara moja, maana yeye ndiye aliyeshika kamera. Lakini sauti yake ilikuwa kila mahali, nyuma ya picha, ikigombeza watu. "Bwana harusi, cheka kidogo, hujafungwa!" "Mama, kanga yako imeingia kwenye wali!" Sauti hiyo ndiyo Wema aliyotaka watu waisikie siku ya hitma ya mwaka, dua ikishaisha, wakinywa chai. Mara moja tu. Shida ni kwamba feni ilikuwa inasema kwa nguvu kuliko Abasi.

Melkiades, jirani wa nyumba ya pili, fundi wa redio na simu, alikuja mwenyewe bila kuitwa. Yeye na mkewe Evangelina walirudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi, na tangu siku ile hakikuingia kitu kipya mtaani asikigeuze chini juu. Alikichukua kile kitu, akakigeuza.

"Matundu yake yako wapi?"

"Iko moja, hapo pembeni."

"Moja? Hata filimbi inaishinda! Sasa flashi naiingiza wapi?"

"Iko mukia wake. Unachomeka mukia hapa, flashi unaitia kwenye mukia."

"Na huo mkia?"

Waziri akakohoa. "Unauzwa mbali."

"Umesikia, shemeji yangu Wema? Wameuza ng'ombe Buja, mkia wanauza kwa jirani."

"Nimekuja nao! Weye mutu, acha nimalize!"

"Haya. Betri ikichoka, naifungulia wapi?"

"Haifunguliwi. Iliganda na gundi, ndiyo maana ikakuwa nyembamba. Hawakuacha nafasi ya bure hata kidogo."

"Gundi! Kwa hiyo ikiugua, mimi fundi nakuja kuiombea?"

"Kitu kizuri hakiugui ovyo."

"Kila kitu kinaugua, Waziri. Wanangu wanakula kwa sababu vitu vinaugua."

Kelele hizo zikamtoa Evangelina, ambaye alikuwa uani anaanua ndagala wake, dagaa wa kuuza sokoni. Aliuliza bei. Waziri akamnong'oneza sikioni. Evangelina akajishika kichwa.

"Na ile nene, siku ile mpya?"

"Hata nusu ya hii haikufika."

Evangelina alirudi kwake, akaja na mizani yake ya sokoni, akapangusa magamba kwa pindo la kitenge, akaipakia ile kompyuta mpya upande mmoja. Mizani ikasogea kidogo, kama iliyoguswa na upepo. Halafu akaleta lile tofali na nyuzi zake. Mizani ikalala.

"Mmeona wenyewe," akasema. "Mmelipa zaidi mpewe kidogo. Mimi nikimpimia mteja namna hiyo pale sokoni, narudi nyumbani bila kilemba."

"Mama Irakoze," Waziri akamjibu Evangelina, "ni wepesi huo ndio tumelipia!"

"Wepesi wa kwenda wapi? Wema anaitoa meza hii anaipeleka meza ile. Hata jongoo hasafiri hivyo."

Melkiades akacheka hadi akaketi chini. Waziri, jasho likimtoka, akafanya ambalo alipaswa kulifanya mwanzo: akachomeka mkia, akahamisha harusi moja, akabonyeza kitufe.

Hakikusikika kitu. Hakuna feni. Picha ilitokea ang'avu hata ukaweza kuhesabu shanga za bibi harusi, lakini Wema hakuitazama. Aliinamisha kichwa. Nyuma ya vigoma na vigelegele alisikia kitu ambacho lile tofali halikuwahi kumsikilizisha: Abasi anahema. Pumzi ya mtu mnene aliyepanda ngazi na kamera begani, akivuta hewa, akiishusha, akijizuia asikohoe.

"Rudisha," Wema akasema. Waziri akarudisha. "Rudisha tena."

Baadaye Melkiades alisema tu, "Haya, sauti yake ni safi, nakubali. Lakini gundi sikubali," na yeye mwenyewe ndiye aliyekaa siku nzima akihamisha harusi zote, akinung'unikia ule mkia.

Zilipokwisha kuhama, Waziri alifuta kila kitu kwenye lile tofali. Kulikuwa na mtu Bujumbura aliyelitaka kwa vipuri. Melkiades alimwambia asubiri hitma ipite. Waziri akamwuliza anaogopa nini, kompyuta inayofunguka kwa kidole cha mwenyewe ataiiba nani? Wema angeweza kusema subiri. Hakusema. Alikuwa bado yuko na ile pumzi. Basi tofali likaingia mfukoni likiwa tupu, na sauti ya Abasi ikabaki mahali pamoja tu duniani, mahali pembamba kama chapati.

Siku ya hitma ikafika. Katika mtaa ule hakuna nyumba yenye sinia za kutosha shughuli, kwa hiyo watu huazimana. Ili zisipotee, kila nyumba ina rangi yake ya kucha: tone moja chini ya sinia, na shughuli ikiisha kila sinia inajua kwao. Nyumba ya Hadji, msomaji wa hitma, ni nyekundu. Msimamizi wa sinia alikuwa Bibi Nour, shangazi wa marehemu, mwenye ukungu machoni na sauti ya kumrudisha mvuvi kutoka katikati ya ziwa. Alikaa kwenye mkeka jikoni, chupa ya rangi mkononi, akipapasa sinia moja moja, na zile za kwa Hadji zilizofutika alama kwa kusuguliwa na jivu akazitia tone upya.

Wema alikuwa ameiandaa kompyuta asubuhi. Aliifungua kwenye harusi aliyoipenda, ile ya binti wa mwenye boti, akaisimamisha pale Abasi anapotaka kusema, ili baadaye iwe ni kuinua kifuniko na kubonyeza tu. Akaifunga. Kisha akaiweka juu ya kabati la vyombo, ambako watu hawangeikalia.

Ndiko sinia zilikokuwa zinawekwa.

Wasomaji walipokaribia kumaliza, Wema aliingia jikoni kuichukua. Juu ya kabati palikuwa peupe.

"Shangazi, hapa palikuwa na kitu."

"Palikuwa na sinia imebaki. Nimeitoa. Watu watakula mikononi?"

"Sinia gani, shangazi?"

"Hiyo ya kijivujivu. Sinia za siku hizi hata ukingo hazina, ndiyo maana vikombe vinaanguka. Tena haikuwa na alama! Nikasema hii ni ya kwa Hadji, wao ndio wanasugua sana. Nimeitia nyekundu."

Wema hakupiga kelele. Alikwenda mlangoni, akasogeza pazia lililotenga wanawake na wanaume, akachungulia uani chini ya turubai. Sinia zilikuwa zimekwisha kupangwa kwenye mikeka. Sinia hii maandazi, ile visheti. Na mbele ya Hadji, palipo na heshima, palikuwa na kitu bapa cha rangi ya majivu, na juu yake limekaa birika kubwa la chai, lile la shughuli, linalobebwa na wanawake wawili. Pembeni mwa birika kulikuwa na maandazi. Na aliyekuwa anakula maandazi hayo, kwa mkono wa kulia, taratibu, akipangusa makombo kwa kidole kutoka juu ya kompyuta aliyoileta mwenyewe, alikuwa Waziri.

Hapo hapo Hadji akainua mikono. Dua ikaanza.

Hakuna mtu anayekatiza dua. Wema alimpungia Waziri. Waziri akamwona, akatabasamu kwa adabu, akaweka mkono kifuani: chai inatosha, asante, murakoze. Wema akaonyesha birika. Waziri akalitikisa kidogo kuona kama limepungua, akalirudisha chini kwa kishindo. Wema alikisikia hadi kwenye meno.

Evangelina alikuwa amemfuata mlangoni na bakuli la sukari. Alichungulia na yeye. "Yesu wangu," akasema polepole, kisha akakumbuka alipo, akajiziba mdomo.

Hadji aliomba kwa ajili ya Abasi, akaomba kwa wazazi wa Abasi, akaomba kwa wote waliolala kando ya ziwa hili. Siku nyingine yoyote Wema angemshukuru kwa dua ndefu kama hiyo. Aliitikia amina kila mara, machoni hakuna chozi, akilitazama birika.

Amina ya mwisho ilipotoka alipita katikati ya wanaume moja kwa moja.

"Shemeji, inueni birika."

"Bado iko na chai, shemeji."

"Inueni."

Waliinua. Waziri alitazama chini, akaona duara la maji ya chai, akaona makombo, akaona na ule mstari wa bawaba. Andazi likamponyoka.

"Ulikuwa unakula juu ya nini, Waziri?" Melkiades aliuliza. Alikuwa ameketi kwenye kiti nje ya mkeka, jirani mwenye heshima, lakini uso wake ulianza kumshinda.

"Nani… nani ametia ordinateri kwenye plato, kwenye sinia?"

"Mimi!" Bibi Nour akajibu kutoka jikoni. "Na mwambieni aliyeitengeneza aitie ukingo!"

Wema alipiga magoti, akaipangusa kwa kanga, akainua kifuniko. Kioo, kile ambacho Waziri alikisifia njia nzima kutoka Bujumbura, kilikuwa kimepasuka kutoka pembe hadi pembe, cheusi, na mistari miwili ya kijani kama majani ya mgazi, ule mti wa mawese. Watu wakasogea. Waziri alifunika uso.

Wema akaweka kidole, akabonyeza.

Kimya. Halafu, katika weusi ule, pumzi. Mtu anavuta hewa, anaishusha. Na sauti, karibu kabisa, kama ya mtu aliyesimama nyuma yao:

"Hadji! Weye wa shati ya njano! Sogea bwana, unaniziba bibi harusi!"

Hadji, mwenye kanzu nyeupe na tasbihi mkononi, akasogea. Alisogea kweli, makalio yote mawili, hadi nje ya mkeka, kabla hajajua anafanya nini.

Kicheko kilianzia kwa wanawake, nyuma ya pazia. Kikaingia chini ya turubai, na Hadji mwenyewe akakidaka, akacheka akijifuta macho kwa mkono wa kanzu. "Amekufa mwaka mzima," akasema, "na bado ananiondoa!" Wema alicheka pamoja nao, na katikati ya kucheka akaona kwamba analia, mbele ya watu, na kwamba haikumdhuru.

Waliisikiliza hadi mwisho wa harusi. Hakuna aliyeulizia picha.

Baadaye ubishi ulirudi, maana wale wawili wasingelala bila kubishana. "Mumeona?" Waziri alisema. "Chai yote ile, na haikuingia ndani! Kwa nini? Haina matundu!" Melkiades akamjibu kwamba lile tofali nani angelipakulia maandazi? Lingekuwa pale pale mezani, linanguruma. Lakini alisema huku tayari amechomeka mkia na televisheni yake mahali pa kioo, ananakili harusi zote kwenye flashi tatu: moja ya Wema, moja ya kwake, moja ya Hadji, aliyeiomba mwenyewe.

Waziri aliahidi kutafuta kioo kingine. Wema akamwambia asijisumbue.

Kesho yake asubuhi mke wa Hadji aliagiza salamu na malalamiko: zile zenye alama nyekundu jikoni zilikuwa nane, amerudishiwa saba, na Bibi Nour mwenyewe ni shahidi. Wema aliigeuza kompyuta yake, akalitazama lile tone la rangi ya kucha. Hakulifuta. Alichukua sinia moja ya kwake, nzuri, yenye ukingo, akaitia nyekundu chini, akaipeleka kwa Hadji.