Kutu Wabadilisha Mpiga Ngoma

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana sebule yangu hugeuka bunge, na spika ninazo mbili, zimesimama kwenye kona kama makabati ya nguo. Aliziacha marehemu mume wangu. Wenzangu huachiwa mashamba, mimi niliachiwa kelele. Sijalalamika, maana nyuma ya ukuta wangu kuna gereji ambako mabodi ya magari hugongwa kutwa, na muziki pekee unaoweza kupambana na gereji ile ni metali, ule wa magitaa ya kunguruma na waimbaji wa kukoroma. Ukiweka nyimbo za mapenzi pale utaambulia kuona kaseti inazunguka tu.

Wabunge wangu ni watatu. Kuna Bucha, muuza nyama, mwanaume mwenye shingo nene na sauti ya kuita wateja walioko ng'ambo ya barabara. Kuna Desimali, mwalimu wa hesabu, ambaye hawezi kusema albamu ni nzuri mpaka aipe maksi. Na kuna Dada wa Dawa, muuzaji wa duka la dawa. Kazini ni mpole, lakini akishavaa ile fulana yake nyeusi yenye fuvu, hata mimi mwenye nyumba humpisha mlangoni. Wote huniita Bibi, ingawa Bucha ana mvi kunizidi.

"Mmeisikia albamu mpya ya Radi ya Mchana?" Desimali alianza Jumapili hiyo. "Nyimbo nyingi za polepole. Nimewapa arobaini kwa mia."

"Arobaini ya nini?" Bucha akaruka. "Wale siku hizi wanabembeleza watoto walale. Niliiweka buchani, paka akalala juu ya mizani."

"Wamebadilisha mpiga gitaa, kaka," Dada wa Dawa akasema. "Yule wa zamani kaoa."

"Kuoa na gitaa vinahusiana nini?"

"Kamuulize mkewe."

Wakahamia kwa Mifupa Mitatu, bendi ambayo imebadilisha waimbaji mara nyingi hadi naona zamu itanifikia na mimi. Walikuwa wamempata mwingine, na Desimali akampa sitini na tano.

"Anakoroma vizuri," nikasema, "ila hajamfikia marehemu mume wangu. Yule alikoroma bila maikrofoni na mtaa mzima ukasikia."

Wakacheka, halafu kicheko kikaisha ghafla, kila mtu akaangalia kikombe chake. Nilijua kwa nini. Walikuwa wanazunguka tu, kama mtu anayelizunguka jino bovu kwa ulimi. Walitaka kuzungumzia Kutu.

Kutu ndiyo bendi yetu. Imezaliwa hapa hapa, na mpiga ngoma wake tangu siku ya kwanza alikuwa mwanangu wa pekee. Mashabiki walimwita Tetemeko. Lakini mwaka huu kiwiko chake kilianza kuuma, akakipuuza, mpaka asubuhi moja kijiko cha chai kikamponyoka mezani pangu. Daktari akamwambia achague, ngoma au mkono. Basi kiongozi wa bendi, mpiga gitaa, akatangaza kwamba Tetemeko ameondoka katikati ya kurekodi albamu mpya, *Msumari wa Inchi Sita*, na kiti chake kimechukuliwa na mkewe.

Ndiyo, mkewe. Mkwe wangu, fundi bodi wa gereji hiyo hiyo iliyo nyuma ya ukuta wangu. Mwanamke ambaye gari likija limekunjamana kama karatasi ya maandazi, yeye hulinyoosha kwa nyundo hadi mwenyewe alikatae, adhani amebadilishiwa. Kila mtu anamwita Fundi. Kupiga ngoma alijifunza kwa mumewe, chumbani, wakigombana.

Sasa niwaambie jambo ambalo wabunge wangu hawakulijua. Lile neno "katikati" lilikuwa la uongo. Mwanangu hakupiga hata wimbo mmoja kwenye albamu ile. Kiwiko kilikataa kabla hawajaingia studio, Fundi akapiga zote, na mimi ndiye niliyekaa na mtoto wao nikimnywesha uji wakati mama yake akirekodi. Walitunga lile neno ili mashabiki wasiikatae albamu kabla ya kuisikiliza.

Na mashabiki wa Kutu ni watu wa kuogopwa. Hawazomei. Hawarushi chupa. Wasipompenda mtu, wanakuja kwenye tamasha, wanalipa kiingilio, wanasimama, halafu wanageuka na kumpa mgongo. Mpiga besi mmoja wa zamani alipewa mgongo nyimbo tatu mfululizo. Leo anauza mapazia.

Tamasha la albamu mpya lilikuwa liwe Jumamosi iliyofuata. Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili ile, Fundi alipopita kumchukua mtoto, vumbi la rangi limemjaa kwenye nyusi, aliniambia, "Mama, kiongozi ameshasema. Wakinipa mgongo, kiti anapewa binamu ya mpiga besi."

"Yule mwenye mikono kama tambi?"

"Usinichekeshe, Mama. Nakitaka kile kiti. Gereji nagonga vitu vya watu. Pale nagonga changu."

Nikamfuta vumbi usoni kwa kanga yangu, nikamwambia aende akalale.

Kwa hiyo Jumapili ile, Bucha alipokohoa na kusema, "Bibi, tunakuheshimu sana, ila Jumamosi Fundi atapata mgongo," nilikuwa nimeshajipanga.

"Kosa lake nini?"

"Si Tetemeko."

"Hata wewe si Tetemeko, na bado nakupa chai."

"Bibi, mkono wa mwanao naujua kuliko ninavyoujua wangu. Kwenye albamu hii nitakuonyesha wimbo kwa wimbo, huu wa Tetemeko, huu wa mkewe."

Hapo ndipo nilipomtaka. "Haya," nikasema. "Tuisikilize yote leo. Kila wimbo ukiisha, atakayesikia mkono wa mwanangu anyooshe kidole. Atakayemsikia Fundi atulie. Mkishindwa kuwatofautisha, Jumamosi mtasimama mbele kabisa na nyuso zenu zikitazama jukwaa."

"Nikubali?" Bucha akawauliza wenzake.

"Mia kwa mia," akasema Desimali.

Nikafungulia sauti hadi vikombe vikaanza kutembea mezani. Wimbo wa kwanza ulipoisha, Desimali akanyoosha kidole kama mtoto aliyejua jibu. "Tetemeko huyo! Sikieni hayo mahesabu!" Nikaitikia, "Mh." Wa pili, Dada wa Dawa akasimama kabisa. "Huu ni wake, Bibi, nimepata homa!" Nikasema, "Pole, mwanangu." Wa tatu wakaunyamazia wote wawili, wakatikisa vichwa kwa huzuni, wakasema kweli pengo linaonekana. Nilishika shavu nikauma ulimi nisicheke. Wa tano, ule unaobeba jina la albamu, unaanza na ngoma peke yake, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Desimali alitoa miwani akaifuta. "Tisini na tisa. Hapa Tetemeko ameaga."

Bucha peke yake hakunyoosha kidole hata mara moja. Alifumba macho mwanzo hadi mwisho, mikono juu ya magoti.

Albamu ikaisha. Nikavuta pumzi ya kuwatangazia ushindi wangu, maneno yenyewe nilikuwa nimeyapika tangu asubuhi. Bucha akanitangulia.

"Bibi, hakuna hata mmoja."

"Hakuna nini?"

"Hakuna wimbo aliopiga mwanao. Yote ni ya mtu mmoja. Tetemeko akifika kwenye kona ya wimbo, pale mdundo unapobadilika, huharakisha kidogo, kama anayewahi gari. Miaka yote nimempenda kwa haraka ile. Huyu haharakishi. Huyu anakusubiri kwenye kona, halafu anakupiga nayo."

Desimali akashusha kidole ambacho bado kilikuwa hewani. Dada wa Dawa akaniangalia. "Bibi! Ulijua?"

"Mimi mwanamke mzee," nikasema, "nitajuaje?"

"Nimeshinda," akasema Bucha. "Ulisema tukishindwa ndipo tutazame jukwaa. Mimi sikushindwa, nimemtambua kwenye nyimbo zote." Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye kandambili. Kweli, nilikuwa nimejitegea mtego wangu mwenyewe nikaukalia. Akasema tena, "Rudisha wa tano."

Nikaurudisha. Aliusikiliza amesimama. Ulipoisha alivaa kofia yake, akashukuru kwa chai, akatoka. Hakusema Jumamosi atafanya nini, nami kwa mara ya kwanza maishani niliogopa kuuliza.

Jumamosi ukumbi ulijaa kabla ya saa kumi. Mimi na mwanangu tulipewa benchi pembeni ya jukwaa, mahali ambapo unaona bendi na unaona watu. Mwanangu alikuwa amejikunja, anakanda kile kiwiko.

"Mama, na wakimgeuka?"

"Basi tutafungua duka la mapazia."

Hakucheka. Bucha alikuwa mstari wa mbele, katikati kabisa, na Desimali na Dada wa Dawa huku na huku kama walinzi. Kila aliyekuwa nyuma yao alikuwa akimtazama yeye, maana mambo ya mgongo huanzia kwake.

Fundi akaingia. Alikuwa amenawa uso, lakini rangi ya gari la mtu bado ilikuwa kwenye kucha. Akakaa.

Bucha akageuka.

Nilisikia mwanangu akiguna kama aliyepigwa tumboni. Desimali akageuka, Dada wa Dawa akageuka, halafu mstari wa pili, wa tatu, mpaka ukumbi mzima ukawa unautazama mlango. Kiongozi wa bendi akamtupia Fundi jicho, lile jicho la "nilikwambia". Fundi hakumwona. Alikuwa ameshainua vijiti.

Akaanza na ule wa tano, peke yake.

Sasa, benchi langu lilikuwa mahali pazuri. Niliiona migongo yote ile imekaza kama milango ya benki. Lakini juu ya migongo kuna shingo, na shingo zilikuwa zimeanza kuitikia. Kwanza ya kijana mmoja wa kando. Halafu mstari mzima. Migongo inakataa, vichwa vinakubali! Nikamfinya mwanangu. "Tazama visogo! Tazama visogo, wewe!"

Na Bucha je? Bucha alikuwa ameinamisha uso, anaupangusa kwa kofia. Mtu mzima yule, anayekata mifupa kutwa, alikuwa analia. Baadaye aliniambia kwamba hakumpa Fundi mgongo. Alikuwa anamuaga Tetemeko, na hakutaka jukwaa limwone na machozi. Hao wengine, hata Desimali na Dada wa Dawa waliokuwa wameshindwa kwenye mtihani wangu, walimfuata tu bila kuuliza, kama kawaida yao.

Wimbo ulipofika kwenye ile kona, pale ambapo Fundi anakusubiri, Bucha alivaa kofia akageuka mbele. Alimwona Fundi akipiga. Halafu akawageukia watu na kuitoa ile sauti ya buchani, ambayo haihitaji maikrofoni:

"GEUKENI! Mnatazama mlango! Mlango unajua kupiga nini?"

"Bucha, wewe ndiye uliyeanza!" mtu akapiga kelele.

"Nilikuwa na shughuli zangu! Geukeni, mnakosa!"

Wakageuka. Jamani, sijui niandikeje. Ukumbi uligeuka kwa kishindo kama gari linalorudishwa kwenye matairi yake, na Fundi alipouona uso wa kwanza, kisha nyuso zote, alicheka meno nje na kuongeza nguvu ambayo sikujua kwamba bado anayo. Kiongozi wa bendi akakosea noti akimtazama. Desimali alikuwa anapiga kelele, "Mia na kumi! Mia na kumi!" Mwalimu wa hesabu!

Wimbo ulipoisha hawakupiga makofi. Waliita "Fundi! Fundi!" hadi vumbi likadondoka kutoka darini. Halafu kwenye benchi letu mtu akasimama, akapiga yowe kuliko wote. "Tena! Mke wangu, tena!" Ni mwanangu, mkono ule mzima juu, macho yamelowa, anacheka. Fundi akamwona. Akaelekeza kijiti kwake, halafu, bila kumsubiri kiongozi wala mtu yeyote, akaanza upya.

Mimi nilipanda juu ya benchi. Bucha alikimbia kutoka mstari wa mbele akanishika kiuno nisianguke, nikafungua mdomo nipige kigelegele, na meno yangu ya bandia ya juu yakaruka mpaka katikati ya mashabiki. Dada wa Dawa aliyadaka hewani, nakuapieni, akayafuta kwa lile fuvu la kwenye fulana yake akanirudishia. Nikayabandika mahali pake nikaendelea, maana wimbo ulikuwa bado mbichi.