Upande wa Ndani wa Mke wa Kurusi

Nimeshona miaka arobaini na miwili, na mpaka leo natunga uzi bila miwani, mradi nikae karibu na dirisha. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani ninayoyaandika nilisimuliwa. Niliyaona mwenyewe, nimekaa kwenye kiti cha watoto, magoti yamenifika kidevuni.

Karakana yetu hushona mapazia, mahema na vitambaa vya jukwaani. Ina vyerehani saba. Sita vimeelekea ukuta, kimoja kiko dirishani, na hicho hukikalia fundi kamili tu. Fundi aliyekikalia mwisho alipostaafu kilifunikwa shuka, na kila asubuhi mjukuu wangu alikipangusa vumbi ingawa hakuna aliyemtuma. Yeye alikuwa na miaka miwili ya kushona vifungo na matundu yake, kwa mkono, mpaka wenzake wakamwita Bi Vifungo. Mimi namwita mke mwenzangu, utani wa bibi na mjukuu, naye hunijibu kwamba mume wetu ni cherehani na mimi ndiye ninayempenda zaidi.

Mkubwa wa karakana tunamwita Sentimita. Haamini kitu mpaka akipime mara tatu. Husemwa hata mchumba alimpima kwanza.

Basi siku moja akaja mama mmoja wa maktaba. Alitaka kitambaa cheusi cha kutanda dari nzima ya chumba cha watoto, chenye matundu, na taa ziwekwe juu yake ili matundu yawe nyota. Alichagua kundi moja la anga la kaskazini, Mke wa Kurusi, mwanamke aliyekaa kwenye kiti chake cha enzi. Nyota zake kuu ni tano, zinapanda na kushuka kama herufi W. Akatuachia ramani yake kwenye karatasi.

Sentimita alimpa mjukuu wangu kazi ile, na sharti akalitaja mbele ya watu: kitambaa kikipokelewa, cherehani cha dirishani ni chake, kikirudi, ni mwaka mwingine wa vifungo.

Msichana alizisoma zile nyota kama anayesomea mtihani. Jioni, mimi nikichambua mboga, ananieleza: Kafi ni kiganja, Sadiri ni kifua, Rukba ni goti. Nikamwambia huyo mama wa angani hakuwa akitazamwa, alikuwa akipimwa nguo. Tukacheka, lakini alinisahihisha nilipodhani W yenyewe imelingana pande zote. Ina mabonde mawili, akasema. Moja limechongoka, ndilo la Sadiri, liko kulia kwenye ramani. Jingine, la Rukba, limelala kidogo.

Alishona siku kumi na moja. Kila tundu alilizungushia uzi kwa mkono kama tundu la kifungo, kubwa kwa nyota kali, dogo kwa nyota hafifu. Na maungio yote ya kitambaa aliyakunja, akayashona tena kwa ndani, akayapiga pasi. Hayo ni mafunzo yangu. Tangu akiwa na miaka minane namwambia ndani ya nguo pawe kama nje, kwa sababu anayeivaa anapaona. Sentimita alipita akamuuliza anampigia pasi nani huko darini, mijusi? Karakana ikacheka. Yeye akainamisha kichwa, akaendelea.

Siku ya kutundika tulikwenda maktaba watatu, Sentimita, mjukuu wangu na mimi, nimebeba sindano na uzi kwa lolote litakalotokea. Mafundi wa umeme walikuwa wamemaliza taa zao. Kitambaa kikavutwa kwa kamba, upande wa nje ukiangalia chini. Mapazia yakafungwa, taa zikawashwa.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha watoto, shingo nimeikunja nyuma. Nyota tano, safi, hakuna hata uzi mmoja uliochungulia. Mama wa maktaba alishika mashavu yake, akasema ni kile kile alichokiota, akaomba karatasi ya kupokelea aitie sahihi.

Mjukuu wangu alikuwa amelala chali sakafuni, atazame vile watoto watakavyotazama. Nikaona kidole chake kikichora hewani, kinakwenda, kinarudi, kinasimama. Akaichukua ramani, akaiinua juu ya uso wake. Nami nikatazama ramani, nikatazama dari, nikaelewa. Bonde lililochongoka lilikuwa kushoto.

Kosa lile ni la fundi nguo tu. Sisi chaki tunaipitisha upande wa ndani, iwe suruali au pazia, ili nje pasichafuke. Naye aliichora ramani kwa ndani, mkono ukafuata mazoea, na kutoka nje kila kitu kimegeuka, kama unavyojiona kwenye kioo.

Hakuna mwingine aliyejua. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa yule mama. Ningeweza kusema mimi, nikaung'ata ulimi. Kazi ilikuwa yake.

Akainuka, akajipangusa magoti. "Mama, usitie sahihi kwanza," akasema. "Nimemkosea. Kulia kwake kumekuwa kushoto."

Sentimita akavuta futi yake shingoni kama anayetaka kujinyonga nayo. Akashauri kitambaa kizungushwe tu, cha huku kiende kule. Msichana akamwambia ukimzungusha utampindua miguu juu, lakini atabaki amegeuka vile vile. Mama wa maktaba, kwa upole, akasema ni watoto tu, nani atajua.

"Watatoka hapa wakamtafute juu," mjukuu wangu akajibu. "Wakimkuta yuko vingine, watamwamini nani? Bibi, tukishushe tukigeuze, ndani kuwe nje."

Sentimita akasema haiwezekani, ndani ya kitambaa ni maungio matupu, ni aibu tupu. Halafu akaikodolea macho dari. Nadhani alizikumbuka zile pasi.

Kikashushwa, kikageuzwa. Tukaipangusa chaki kwa brashi, mimi na yeye, tumepiga magoti kila mmoja upande wake. Ule upande ulikuwa hauna mng'ao, na taa zilipowashwa tena, weusi wake ulikuwa mzito kuliko wa mwanzo. Sadiri akawa kulia, bonde lake limechongoka. Sentimita alipanda ngazi na tochi na futi. Alifuata mshono mmoja hadi mwisho, kisha wa pili, kisha wa tatu. Akashuka, akaviringisha futi, akaitia mfukoni.

"Fundi," akamwambia mjukuu wangu, "kaza kamba ya upande wako, imelegea kidogo."

Mama wa maktaba akatia sahihi.

Jumatatu mke mwenzangu alilikunja lile shuka pembe kwa pembe, akakaa dirishani. Mtu mmoja mlangoni akauliza kama Bi Vifungo ameshafika. Sentimita, bila kuinua macho kutoka kwenye kipimo chake, akamjibu kwamba hapa hatuna mtu wa jina hilo.

Mimi nilikuwa natunga uzi. Siku hiyo nililikosa tundu la sindano mara mbili, na mwanga wa dirisha ulikuwepo.