Gari Lisilo na Kovu

Mtaa mzima ulimwita Msasa, na jina hilo alilitolea jasho. Gari likigongwa likakunjamana kama shati la mlevi, yeye alilinyoosha, akalisugua, akalipaka rangi, na mwenyewe akija kulichukua alizunguka mara mbili akitafuta palipoumia. "Ukiona kovu, nirudishie," alikuwa akiwaambia. Hakuna aliyewahi kurudisha.

Sasa alikuwa anauza la kwake. Gari dogo la Kiingereza, la wazi, viti viwili, kuukuu kuliko ndoa yake. Alilikokota likiwa kutu tupu, akaliingiza kwenye chumba cha uani alichomwahidi mkewe kiwe cha kushonea nguo. "Miezi sita tu, mama watoto." Ikawa miaka kumi na mmoja. Mke akawa anashonea koridoni, wateja wanapimwa kiuno huku wapangaji wanapita na ndoo. Mwaka huu alisema mara moja tu: ama gari litoke, ama nitatoka mimi. Wala hakupandisha sauti, na hapo ndipo Msasa alipoogopa. Tangazo likabandikwa siku ileile.

Aliyekuja ni daktari wa meno, mpenzi wa magari ya zamani. Alipiga magoti, akatoa tochi na kile kioo kidogo cha kuchungulia magego.

"Hilo halina jino bovu, daktari," Msasa akacheka.

"Kila mgonjwa husema hivyo."

Alichungulia breki, akaguna. Akafunua boneti, akaguna tena, safari hii kwa raha. Msasa akaanza kumwona mkewe akilini, ameketi humu chumbani, dirisha wazi, mguu juu ya cherehani. Kisha daktari akapitisha kidole kwenye fremu, karibu na gurudumu la mbele. Akakirudisha. Akapitisha tena.

"Fundi, namba iko wapi?"

"Si hiyo kwenye kadi?"

"Iliyogongwa kwenye chuma. Huwa hapa."

"Aa, hapo! Palikuwa na michubuko, kama mtu kapiga patasi kwa hasira, nusu imeliwa na kutu. Nikajaza kwa kuchomelea, nikasugua kutwa nzima. Gusa uone. Shavu la mtoto!"

Daktari alikaa chini sakafuni na suruali yake nzuri.

"Mzee wangu, hiyo michubuko ndiyo ilikuwa namba."

Magari aliyoyazoea Msasa yalikuwa na namba kwenye kibati. Kibati cha hili kilioza zamani, naye hakukiulizia.

"Nitaigonga upya. Kadi ninayo, patasi ninazo."

"Ukiigonga wewe, tunafungwa wote wawili. Na ikikaa hivi, polisi akiinama tu hapa, mwizi ni mimi." Daktari alizima tochi. "Pole, fundi. Ungefanya uzembe kidogo tu, ningeondoka nalo leo."

Alijipangusa, akafika mlangoni, akageuka.

"Ila taa, usukani, viti na kioo ningevichukua. Ninalo jingine kama hili nyumbani. Lina namba, halina kitu kingine."

Mke alikuwa amesimama palepale mlangoni, pini mdomoni. Alizitoa mojamoja.

"Mke wangu," Msasa akasema, "miaka kumi na mmoja."

"Unanihadithia mimi? Mimi ndiye niliyekuwa koridoni." Akamtazama, na huruma ikampitia usoni, lakini haikukaa. "Litoke zima, litoke vipande, baba. Mimi nataka chumba."

Akarudi kwa mteja wake.

"Nitamtuma kijana wangu aje kufungua," daktari akasema.

"Hapana. Atalikwaruza."

Msasa alichukua spana, akainama mbele ya taa ya kushoto. Moyoni aliomba bolti zimgomee, walau moja imtoe jasho. Hakuna iliyogoma. Alikuwa amezipaka grisi zote kwa mkono wake, na kila moja ilifunguka kwa vidole viwili.