Kiu ya Mgomba wa Al Twar

Madam alisema migomba yake ina kiu. Nami, Mhaya wa Bukoba niliyezaliwa katikati ya migomba, nikamkubalia kama mjinga. Wiki mbili nzima nikaimwagilia asubuhi na jioni nyuma ya nyumba yake kule Al Twar, Dubai, nilikokuwa mtunza bustani wake. Majani yakazidi kugeuka manjano, yakaning'inia.

Ningeikata nikasahau, ila mwaka uliotangulia, 2015, nilipokwenda likizo, nilimpelekea mama chipukizi la migomba hiyohiyo, nimelifunga ndani ya sanduku katikati ya mashati. Mama alilipanda mbele ya nyumba. Kila mgeni alionyeshwa mgomba wa Dubai kabla hajakaribishwa kiti.

Basi nikakata kipande cha shina. Ndani mlikuwa na madoa ya kahawia yaliyojipanga duara. Nikampelekea Rukiya, Mzanzibari anayefanya kazi kwenye maabara ya kupima mimea. Tulijuana kwa kugombania kiti cha basi, na mpaka leo anadai nilikosea mimi.

Akaweka kipande chembamba cha shina chini ya hadubini. "Haya, tizama, kaka Protas. Usiguse kitu."

Nikatizama. Ndani ya mirija ya maji mlijaa nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui.

"Hiyo ni kuvu," akasema. "Inalala udongoni miaka na miaka. Mzizi ukipita karibu ukatoa majimaji yake, inaamka. Inaingilia kwenye ncha ya mzizi, halafu inapanda pamoja na maji mpaka juu."

"Na mgomba haujui?"

"Unajua sana. Unaziba mirija yake wenyewe, adui asipite. Na maji nayo hayapiti tena."

Mungu wangu! Kumbe ulikuwa unakufa kwa kiu huku umesimama majini, nami nikizidi kumimina. Nikarudi kwenye kioo mara ya pili, mara ya tatu. Kitu kisicho na jicho wala pua, kinautambua mzizi gizani! Nilikiogopa, na bado nilikivulia kofia.

"Dawa yake?"

"Hakuna. Ng'oa, choma. Na udongo wa hapo usitoke hata kwa kiatu."

Nikatoka nje mbio kumpigia mama.

"Mama, ule mgomba wa Dubai ung'oe leo hii. Uchome hapohapo. Una ugonjwa, utaua shamba zima."

"Ugonjwa gani, mwanangu? Majani ya chini tu yamekuwa manjano, naumwagilia."

"Ung'oe, mama! Na machipukizi yake yote."

"Machipukizi si nimeshagawa? Nani anamnyima jirani mgomba?"

"Umempa nani?"

Akaanza kuwataja, kwa furaha kabisa: mama Agnes, Redempta wa kisimani, katekista, na dada zake mwenyewe wawili ng'ambo ya mto. Nikakaa chini kando ya barabara. Alipofika jina la kumi na moja, bado alikuwa anaendelea.